Nyumba ya Milioni Tisini

Poda hakuwa mwongo wa kuzaliwa, tuanze na hilo, maana watu wakishaisikia habari yake hukimbilia kumpa jina baya. Alikuwa kinyozi. Na kinyozi, jamani, analipwa kwa kazi ya mkono, lakini wateja wanarudi kwa sababu ya mdomo. Mtu hawezi kukaa kitini nusu saa, kafungwa shuka shingoni kama mtoto anayelishwa, halafu asikie mkasi peke yake. Anataka habari. Habari ya siku ikiwa nyembamba, kinyozi anainenepesha kidogo, na mteja anaondoka amefurahi.

Jina la Poda alilipata kwa mkono wake mzito. Akimaliza kukunyoa alikupaka poda shingoni hadi kwenye kola, ukifika nyumbani mkeo anajua ulikokuwa kabla hujafungua kinywa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri zamu, ambao wengi wao hawakuwa na zamu yoyote. Walikuja kupiga soga tu, na Poda aliwapenda hao kuliko wenye nywele.

Basi alipofikisha umri wa miaka arobaini na mitatu akanunua nyumba. Vyumba vitatu, jiko, ua wa kuanikia nguo, na ukuta wa mpakani uliomfika kifuani. Aliinunua kwa mwashi mmoja mstaafu, kwa milioni arobaini na mbili: thelathini mkopo wa chama cha akiba, na kumi na mbili alizozikusanya kwa miaka kumi na mmoja ya kusimama wima nyuma ya vichwa vya watu. Ilikuwa bei ya haki. Nyumba za mtaa ule ziliuzwa hivyo, na mtu mwenye akili zake angesema hivyo, akalala usingizi.

Lakini siku ya kuhamia alikuja shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri vya magari, mtu mwenye tabia ya kugonga kuta za watu kwa vifundo vya vidole kama daktari anayepima kifua. Akazunguka chumba kwa chumba, akigonga na kuguna. Kisha mbele ya wageni wote akauliza, “Ehe, shemeji, kijumba hiki wamekupiga bei gani?”

Hicho kijumba kilimchoma Poda hadi kwenye mfupa. Miaka kumi na mmoja, na leo anaambiwa kijumba!

“Tisini,” akasema.

“Tisini nini?”

“Milioni tisini, shemeji. Taslimu.”

Shemeji akaacha kugonga. Mkewe Poda, aliyekuwa anapita na sinia la vikombe, nusura alidondoshe. Wageni walipoondoka alimkabili mumewe jikoni, mikono kiunoni.

“Tisini?”

“Limenitoka tu.”

“Lirudishe.”

“Nitalirudishaje, na limeshaondoka na kaka yako?”

“Haya. Ila nikwambie, mume wangu, siku nikimwona huyo bwana mwenye tisini zake taslimu, naolewa naye.”

Wakacheka. Na laiti ingeishia pale kwenye kicheko cha jikoni, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini shemeji alikuwa na mdomo wake naye, na baada ya wiki mbili watu wa benchi walikuwa wanamwita Poda “tajiri”. Angekanusha vipi? Angesema, “Jamani, nilimdanganya shemeji yangu kwa sababu aliita nyumba yangu kijumba”? Akaona ni rahisi zaidi kuitikia. Mtu akiuliza, anasema tisini. Mara ya kumi alikuwa anaisema bila hata kumeza mate.

Jirani yake wa ukutani alikuwa mkunga mstaafu, mjane, dada wa tumbo moja wa yule mwashi aliyeuza nyumba. Nusu ya mtaa ilipokelewa na mikono yake ikiwa inalia na kupiga mateke, wakiwemo watoto wawili wa Poda. Wote walimwita Mama Mkunga, hata waliomzidi umri. Asubuhi moja, Poda akiwa uani na wateja wake wawili waliokuja kumtembelea, yule mama alisimama upande wake wa ukuta akamwita.

“Baba, nikuulize. Kweli nyumba hii uliinunua tisini?”

Poda akageuza macho kwa wateja wake, wakamtazama. “Kweli tupu, mama,” akasema. “Tisini kavu.”

Mama Mkunga alitikisa kichwa taratibu, akashukuru, akaingia ndani. Kwa nini ameuliza, Poda hakujua, wala hakujisumbua kutaka kujua. Muda si mrefu ikasikika kwamba yule mwashi, ambaye alishahamia kwa mwanawe mji mwingine, amekosana na dada yake. Watu wakasema ni mambo ya kifamilia, wakaachana nayo.

Mwaka ukapita na ushei. Siku moja akaingia dukani mteja mgeni, mpole, mwenye begi la ngozi aliloliweka mapajani chini ya shuka. Aliuliza maswali ya kawaida ya mtu kitini. Maji yanatoka? Barabara itawekwa lami lini? Nyumba za huku zinakwenda bei gani siku hizi?

“Usione mtaa umetulia hivi,” Poda akamwambia, akimgeuza kichwa kwa kidole. “Mimi mwenyewe nimenunua tisini, na nilibembeleza.”

Yule mgeni akaitikia mmh, akalipa, akakataa chenji. Poda akamsifu siku nzima kwamba ni muungwana.

Miezi minne baadaye barua zikagawiwa mtaa mzima kutoka halmashauri ya mji. Kodi ya majengo ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Mkewe Poda alikaa mezani na miwani yake akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akafunua wa pili. Pale palikuwa na mstari mmoja: thamani ya nyumba za mtaa huu imekadiriwa kwa kufuata mauzo ya karibuni, milioni tisini, kwa maelezo ya mnunuzi.

“Mnunuzi huyo ni nani?” akauliza, ingawa alijua vizuri sana.

Poda alimkumbuka yule muungwana na begi lake. Alikuwa amemnyoa mthamini wa halmashauri na kumpa bei ya mtaa mzima bure, akampaka na poda juu.

“Hongera,” mkewe akasema. “Watu wanatozwa kodi na serikali, wewe umejitoza mwenyewe.” Lakini safari hii kicheko hakikuja kwa yeyote kati yao.

Aliyesimama kidete alikuwa Mama Mkunga. Aliuliza, akaambiwa kuna bodi ya kusikiliza rufaa, na kwamba dawa ni moja tu: watu walionunua nyumba mtaani watoe mikataba yao, bei halisi zionekane. Akavaa viatu vyake vya raba vya enzi za zamu za hospitali, akaanza kugonga milango na bahasha kubwa kwapani. Kila alipopita watu walimpa karatasi na chai. Mlango wa Poda aliuruka. Poda aliona hilo kupitia dirisha, akajitia hamnazo.

Jumanne jioni, siku mbili kabla ya bodi kukaa, akabisha hodi. Poda alikuwa peke yake sebuleni. Akamkaribisha kiti, mama akakaa ukingoni, bahasha magotini.

“Mwanangu, nimekuja kukuomba kitu, usinielewe vibaya.”

“Sema, mama.”

“Nina mikataba minne humu, yote ya zamani. Bodi haitaki mauzo ya zaidi ya miaka mitatu. Ya karibuni ni yako tu.” Akapumua. “Sasa nakuomba, hiyo yako usiitoe.”

Poda alidhani amesikia vibaya. “Nisiitoe?”

“Usiitoe, baba. Hiyo tisini kwa sasa ni ya mdomo tu, naweza kubishana nayo. Ikifika mezani na mihuri, tumekwisha. Wewe huna kosa, ulilipa fedha zako halali. Wakikuita, sema umeipoteza. Kaa kimya tu, utakuwa umetusaidia.”

Ninyi mngefanya nini? Mwenzenu alishusha pumzi. Haya, nasema kama ilivyokuwa: kitu cha kwanza alichohisi ni nafuu. Mtaa mzima ulikuwa unamwomba kwa hisani yake afiche karatasi aliyokuwa akiificha mwenyewe. Na mama wa watu akamshukuru! Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ile iliyopokea wanawe, akamwambia Mungu atamlipa.

Angeondoka hapo, labda Poda angeweza kuendelea kuvaa miwani ya mbao. Lakini mama alikuwa amechoka, na mtu mzima aliyechoka husema yaliyomo moyoni.

“Nisiposhinda Alhamisi, nimeshaongea na dalali,” akasema. “Pensheni yangu haifiki huko. Nitauza, nikapange chumba mahali.” Akaipapasa ile bahasha. “Zamani ningemwambia kaka yangu. Lakini yule, we acha tu. Kama si wewe, hadi leo ningekuwa gizani.”

“Kama si mimi, mama?”

“Nyumba hii ilikuwa ya baba yetu. Hati ilikuwa kwa jina la kaka, lakini tulikubaliana nusu kwa nusu, kwa mdomo, kama ndugu. Alipokuuzia, akaniletea ishirini na moja, akaniambia ameuza arobaini na mbili. Nikapokea, nikamwombea heri. Kisha nasikia tisini. Nikasema siwezi kumhukumu ndugu yangu kwa maneno ya barabarani, nitamwuliza mnunuzi mwenyewe. Ndiyo siku ile nikakuita ukutani.”

Mama akajisogeza kidogo kitini.

“Alikuja na mkataba, anataka nisome. Nikamwambia karatasi ninazijua, mtu anaandika ya pili yenye bei ndogo ya kuwaonyesha ndugu, ile ya kweli anayo mnunuzi. Aliyetoa fedha zake ndiye anayejua, na ameshaniambia. Nikamwita mwizi, mwanangu. Kaka yangu mkubwa, mlangoni kwangu, nikamwita mwizi. Akaondoka na karatasi yake. Anapiga simu, sipokei.”

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mtoto mdogo angejua kwamba ni hapo. Sentensi moja tu ilitakiwa, na ile midomo iliyozungumza siku nzima kwa riziki yake ilikuwa mizima, haina kidonda wala jipu. Unajua alisema nini?

“Pole, mama.”

Pole! Akamsindikiza hadi langoni, akamfungulia, akamtakia jioni njema. Aliporudi ndani alimkuta mkewe amesimama kwenye mlango wa jikoni, na kwa uso wake Poda akajua kwamba amesikia yote. Yule mwanamke alikuwa na mzaha kwa kila jambo, hata misibani alikuwa na wa kunong'ona. Poda alisubiri mzaha wake kama mtu anayesubiri maji.

“Na mimi nilikuwa najua,” mkewe akasema. “Miaka miwili nasikia tisini, nacheka. Sijui nilikuwa nacheka nini.” Akakaa, akafunika uso kwa khanga.

Siku ya Jumatano Poda alinyoa kimya. Watu wa benchi wakamwuliza kama ana jino linalouma. Mmoja akamtania, “Mwacheni tajiri, anawaza tisini zake,” wakacheka, na Poda akamkata aliyekuwa kitini nyuma ya sikio. Aliomba radhi mara nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Alijitazama kwenye kioo akaona kweli uso wake umesawijika, akajiuliza ni lini hasa alianza kuwa mtu wa namna ile, akashindwa kupata siku.

Alhamisi alivaa shati jeupe. Aliutoa mkataba na karatasi ya benki iliyoonyesha fedha zilivyohamishwa, akavikunja, akavitia mfuko wa ndani wa koti. Usidhani alikuwa amekata shauri. Alijiambia kwamba anakwenda navyo tu, ataona huko huko.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya plastiki na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na nyuma ya meza watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba. Mthamini alikaa pembeni na lile begi. Mtaa ulikuwa umejaa karibu wote. Poda alichagua safu ya mwisho, karibu na mlango.

Mama Mkunga akasimama na bahasha yake akaeleza vizuri, bila kulia wala kupandisha sauti. Mwenyekiti akaipitia ile mikataba minne, akaisogeza kando kwa upole. “Mama, hii ni ya zamani mno. Bwana mthamini anasema ana mauzo ya juzi.”

“Miaka miwili iliyopita,” mthamini akasema. “Tisini. Mnunuzi mwenyewe alinieleza kwa kinywa chake, na mtaa mzima unajua.”

“Unabisha, mama?” mwenyekiti akauliza.

Mama Mkunga alisita. Wote walijua amepanga kubisha, kusema ni porojo za mtaani. Lakini macho yake yalikuwa yameshamwona Poda kule nyuma, na kumwita jirani yake mwongo mbele za watu kukamshinda.

“Sibishi,” akasema. “Huyo kijana ni mkweli, ninamjua. Kama alitoa tisini, alitoa. Naomba tu huruma yenu kwa sisi wengine.”

Poda alisikia kiti chake kikikwaruza sakafu kabla hajajua kwamba amesimama. “Sikutoa tisini,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo, mwenyekiti akamwambia arudie. “Sikutoa tisini! Nilitoa arobaini na mbili. Mkataba huu hapa. Na ya benki hii hapa.”

Alitembea hadi mezani, akaziweka karatasi. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma, akampa mwenzake wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu akamtazama Poda kwa muda.

“Sasa tisini ilitoka wapi?”

Poda alitafuta jibu lenye staha. Hakulipata. “Nilikuwa najidai,” akasema.

“Ulikuwa nini?”

“Najidai, mama. Nilitaka nionekane mtu.”

Kilianza kicheko kimoja nyuma, kikapata wenzake, mwisho ukumbi mzima ulikuwa unapasuka, hata mthamini aliinamia begi lake mabega yakimcheza. Poda alisimama katikati akavumilia. Kicheko hakikumwumiza sana. Alikuwa anamtazama Mama Mkunga, ambaye hakucheka. Alikuwa amekaa chini polepole, mkono ukitafuta kiti, midomo ikitembea bila sauti kama anayehesabu, na hesabu yake ilikuwa fupi: arobaini na mbili, nusu yake ishirini na moja.

Bodi ikaamua palepale kwamba mthamini arudie kazi upya na afuate mauzo yaliyothibitishwa. Watu wakapiga makofi. Walipotoka, wengine walimpiga Poda begani, wengine walimpita kama nguzo. Mmoja akamwambia, “Kesho nakuja kunyoa, lakini bei nitamwuliza mkeo.” Hata hilo alilistahili.

Mama Mkunga alimkuta kwenye benchi la korido. Poda akainuka, akaanza, “Mama, mimi sina uso wa—”

“Kaa.” Alikaa. Na yeye akakaa kando yake, akatoa simu yake ndogo ya vibonyezo, akaitazama. “Namba yake sikuifuta,” akasema. “Mtu niliyemwita mwizi sijui naanzaje kumwambia hujambo. Anza wewe.”

Akambonyezea, akampa. Poda alitamani mlio ule uite hadi ukatike. Uliita mara mbili tu.

“Dada?” sauti ya mzee ikasema, haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi. “Dada, ni wewe?”

“Si dada, mzee. Ni mimi, Poda. Kinyozi.”

Kisha mzee akauliza kwa sauti nyingine kabisa, “Dada yangu amefariki?”

“Hapana! Hapana, mzee wangu, ni mzima, yuko hapa kando yangu.” Na Poda akaanza kulia, mtu mzima, kwenye korido ya halmashauri, makarani wakipita na mafaili. Alisema yote bila kunenepesha chochote: shemeji, kijumba, tisini, siku ya ukutani, mthamini, bodi. Alipomaliza alisikia mzee akipumua upande wa pili.

“Nilikuja dukani kwako mara moja,” mzee akasema. “Baada ya dada kunifungia mlango. Nilitaka nikuombe uje kwake, umwambie tu ukweli. Nikafika hadi kizingitini. Ulikuwa unanyoa, benchi limejaa, na mmoja akakuita tajiri, ukacheka.”

“Sikukuona, mzee.”

“Nilijua hukuniona. Nikasema nikimwuliza hapa, nitamwaibisha mtu mbele ya wateja wake, naye ana watoto. Nikarudi stendi.” Akakohoa kidogo. “Nipe dada yangu.”

Poda alipangusa machozi kwa kiganja. Akamkabidhi mama simu yake kwa mikono miwili.